Macho ya Fundi Rangi

Fundi rangi alikataa katakata kwamba macho yake yamekuwa ya manjano. Alikuwa amechanganya rangi miaka kumi na tisa, na hakuwa mtu wa kufundishwa manjano ni ipi.

"Hii ni krimu iliyokolea," alimwambia mkewe mbele ya kioo.

Siku ya tano hiyo alikuwa hali chakula, anatapika, na mkojo wake mweusi kama chai isiyo na maziwa. Mwenyewe alisingizia uchovu wa kupanda ngazi. Mkewe, mwenye mimba ya miezi minane, alimvalisha shati na kumburuta hadi zahanati.

Daktari, mama wa makamo asiye na haraka, alisoma majibu ya damu.

"Homa kali ya ini, aina E. Kazini mnakunywa maji ya wapi?"

"Kisima chetu wenyewe," fundi alijibu kwa majivuno. "Tulikichimba kwa siku moja. Maji baridi hayo!"

"Na choo kiko wapi?"

"Palepale, hatua sita. Ili watu wasipoteze muda."

Daktari aliweka kalamu chini. Alimweleza kwamba uchafu wa choo umepenya kisimani nao wameunywa. Dawa maalumu hakuna: apumzike, anywe maji mengi yaliyochemshwa, pombe asiiguse, na asimeze hata kidonge cha maumivu bila kuuliza.

"Wengi hupona wenyewe. Ninayemwogopea ni mjamzito. Ugonjwa huu unaweza kumuua yeye na mtoto."

Fundi akamgeukia mkewe. Kwa miezi miwili, kila jioni alikuwa akimbebea mkewe dumu la maji ya kisima kile, na kila asubuhi akimuuliza kama ameyanywa.

"Mke wangu," alisema, "nimekuua."

Mkewe alitazama dari.

"Sijawahi kuyanywa."

"Si ulisema matamu?"

"Ningesemaje, na wewe umeyabeba begani mwendo wote ule? Yananuka. Ukienda kuoga nayamwaga chooni."

Daktari akasema atampima hata hivyo. Fundi alilia waziwazi, bila aibu.

"Miezi miwili mwanamke huyu ananidanganya," alimlalamikia muuguzi aliyekuja na sindano, huku ameung'ang'ania mkono wa mkewe, mpaka muuguzi akamwomba auachie ili apate kutoa damu.