Aliyeingia kwa Jina la Nasirumbi

Kingori alikuwa fundi pekee wa kompyuta katika kiwanda cha kahawa huko juu ya Othaya, na jambo hilo lilikuwa limempanda kichwani. Msimu ulipoanza alisoma tangazo: kiini cha mfumo, ile sehemu inayoendesha mashine nzima, kilikuwa na kasoro. Mtu yeyote mwenye akaunti ya kawaida angeweza kuigandisha kompyuta kwa mistari michache tu. Marekebisho yalikuwa tayari, lakini Kingori hakuyaweka. Kasoro hiyo ilihitaji mtu wa ndani, na ndani, alijiambia, ni sisi kwa sisi. Hata maneno ya siri ya makarani wote alikuwa ameyabandika nyuma ya mlango.

Lakini udadisi ulimwasha. Jumamosi akaingia kwa akaunti ya Nasirumbi, karani wa mizani kutoka Bungoma, mbali huko magharibi, akaandika ile mistari na kuipanga ijiendeshe kila akaunti hiyo inapofunguliwa. Alipoijaribu, mashine ikaganda palepale. Kingori akacheka peke yake, akaizima, akaiwasha, akaenda zake kula. Mistari akaisahau humo humo.

Jumatatu wakulima wakapanga foleni na magunia yao. Nasirumbi akaingia, kompyuta ikaganda. Jumanne, yale yale. Kahawa iliyochumwa haina subira, inachacha, na watu wakaanza kufoka. Mwenyekiti wa kiwanda, Muriithi, akamwita fundi mbele yao wote.

"Ni nini inaua hii mashine?"

"Inakufa tu akiingia Nasirumbi," Kingori akasema. "Kuna kitu anafanya."

"Mimi? Mimi naandika kilo tu!" Nasirumbi akamgeukia. "Kingori, si unanijua?"

Kingori akainamia nyaya za mashine. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Si tulisema hii kazi ipewe watoto wa hapa?" Nasirumbi akachukua mkoba wake na kupita kando ya foleni yote, kichwa chini.

Alasiri Kingori akaingia kwa akaunti yake mwenyewe ya fundi, akachungua mafaili ya Nasirumbi akitafuta ushahidi. Akaikuta mistari yake mwenyewe, na tarehe ya Jumamosi. Masikio yakamwaka moto. Angeifuta, nani angejua? Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe, lakini lile swali halikumtoka: si unanijua? Ndiyo, alimjua. Miaka minne wamekunywa chai meza moja. Akampigia Muriithi simu, kisha akaiondoa mistari na kuweka marekebisho aliyoyaacha siku zote hizo.

Asubuhi akasimama mbele ya foleni ile ile, Nasirumbi akiwa ameitwa.

"Ni mimi," akasema. "Niliingia na jina yake, nikajaribu kitu, nikasahau kutoa. Yeye hakufanya chochote."

Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana. Yule mama akajifanya anafunga gunia lililokuwa limeshafungwa.

Nasirumbi akaketi mbele ya kompyuta. Kingori akaja kusimama nyuma yake, kama alivyozoea.

"Iko sawa sasa," akamwambia polepole. "Ingia tu."

Nasirumbi hakugusa kitu. "Geuka kwanza."

Kingori akageuka kama mtoto wa shule aliyeadhibiwa, foleni nzima ikimtazama. Mbele ya macho yake, nyuma ya mlango, kulikuwa na karatasi yake ya maneno ya siri, jina la Nasirumbi likiwa la kwanza. Akaisoma na kuisoma tena, huku akimsikia Nasirumbi akiandika neno jipya la siri.