Mkono wa Wifi

Jumapili hiyo mabenchi ya upande wa kushoto wa kanisa yalikuwa yamepakwa vanishi, na vanishi ilikuwa haijakauka, kwa hiyo waumini wote walibanana upande wa kulia. Ndivyo fundi cherehani alivyojikuta amekaa bega kwa bega na wifi yake, jambo ambalo wote wawili walikuwa wamelikwepa kwa ustadi tangu ukuta ulipojengwa.

Ukuta ulikuwa wa wifi. Kaka yake, ambaye ndiye aliyekuwa mume wa fundi, alipofariki, wifi alijenga stoo kwenye uwanja wake, uliopakana na nyumba ya fundi, na kuisogeza mpaka ikaziba dirisha pekee la chumba cha kushonea. Dirisha likawa linafunguka upana wa kiganja tu, kisha linagonga tofali. Kuanzia hapo fundi alishona kwa taa mchana kutwa, na macho yake, ambayo zamani yaliona uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi, yakaanza kumkimbia. Mtaani walimpachika wifi jina la Bi Tofali. Fundi hakulitumia jina hilo, angalau si kwa sauti.

Mchungaji akasema, "Peaneni amani." Watu wakageukiana. Fundi alimpa mkono mzee wa mbele, akampa mama wa nyuma, akampa na mtoto aliyekuwa anatafuna biskuti, mpaka hakubaki mtu ila wifi.

"Amani, wifi."

"Amani, wifi."

Mikono ikashikana, na haikuachana.

Walivutana kidogo, kwa adabu, kwa kuwa sala ilikuwa inaendelea. Baada ya ibada walivutana bila adabu. Wakajaribu sabuni, wakajaribu mafuta ya kupikia. Mchungaji alisema kwenye kanisa alilotoka aliwahi kupata watu wa namna hiyo, na dawa ilikuwa aliyekosewa asamehe. Fundi akasema, "Nimekusamehe, wifi." Alisema kwa sauti ya chini, akasema kwa sauti ya juu, akasema amepiga magoti, na wifi naye ikabidi apige magoti. Mikono haikusikia.

"Na wewe huna la kumwambia mwenzio?" mchungaji akamuuliza wifi.

"Mimi? Yaliyopita si ndwele, mchungaji. Mimi sina kinyongo na mtu."

Kwenye zahanati nesi aliwatupia jicho mara moja, akawaonyesha benchi la mwisho. "Walioshikana wanasubiri pale." Pale palikuwa na mume na mke waliokuja wakiwa vijana. Wifi akasema yeye hana subira hiyo, wakarudi nyumbani.

Ilibidi wifi ahamie kwa fundi, kwa sababu mezani kulikuwa na gauni la harusi, na harusi ilikuwa Jumamosi. Walilala kitanda kimoja wakigombea mto. Walikula kwa mkono wa kushoto na kumwagiana mchuzi. Majirani waliopita dirishani upande wa barabara, kule sebuleni, walisema siku hizi mawifi wamekuwa chanda na pete. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Fundi hakuwa na jembe, akamkalisha wifi kwenye cherehani. Fundi alikanyaga kanyagio na kusukuma kitambaa kwa mkono wake mmoja, wifi akakipokea kwa mkono wake mmoja upande wa pili. Mshono ulinyooka. Kwa kweli ulinyooka kuliko wa miezi ya karibuni, maana wifi alikuwa na macho mazuri.

"Humu giza, wifi," alisema. "Unashonaje?"

"Kwa mazoea."

"Si ungefungua dirisha."

Fundi akanyanyuka, wakaenda wote, akalifungua. Likagonga tofali. Wifi akaliangalia tofali lake kwa makini, akapitisha kidole kwenye kiungio cha saruji.

"Wamelipanga vizuri," alisema.

Hasira ilimpanda fundi. Alikuwa ametamka mbele ya mchungaji kwamba amesamehe, na sasa alitaka kujua huo msamaha uko wapi. Akajipapasa ndani polepole, kama mtu anayetafuta sindano sakafuni na hataki imchome. Hakuuona. Alichokiona ni kwamba bado anamtakia wifi mabaya, hata aina ya mabaya alikuwa amekwisha kuichagua. Aliona aibu, lakini hakubadilisha chaguo lake.

Alhamisi mchana walifika kwenye pindo la chini, lenye lesi. Fundi alikuwa akikanyaga kwa kasi. Wifi alikuwa akisimulia jinsi kaka yake alivyokuwa akiiba sukari utotoni, na kwa kicheko akageuza uso. Kidole chake cha shahada kikateleza kuelekea chini ya sindano.

Macho ya fundi, yaliyoshindwa na uzi, yalikiona kidole kile sawasawa. Ndicho kilichowaonyesha waashi mahali pa kuweka tofali la kwanza. Fundi alipata muda wa kukumbuka hilo. Kisha akaondoa mguu kwenye kanyagio.

Sindano ilisimama juu ya ukucha.

"Toa kidole, wifi."

Wifi akakitoa, na mikono ikaachana kwa mlio mdogo wa kifungo kinachotoka tunduni. Kiganja cha fundi kilikuwa cheupe, kimekunjamana kama cha mtu aliyeshinda kwenye beseni la nguo. Kila mmoja akajikagua.

"Haya," alisema wifi. "Ngoja nikaangalie kuku wangu."

Bibi harusi aliolewa akiwa amevaa gauni lake. Wiki iliyofuata waashi walikuja, na fundi, aliyesikia sauti zao, alitoka nje mbio kwa furaha, akidhani wamekuja kuubomoa. Walikuwa wamekuja kuupiga ukuta plasta.

Lakini asubuhi yake wifi alizunguka ukuta, akaingia bila hodi, akajikalia kwenye kigoda. Akatunga uzi kwenye sindano moja baada ya nyingine na kuzichomeka kwenye sponji, za kutosha kutwa nzima. Hakuombwa, na hakueleza. Kesho yake akaja tena, na ikawa ndiyo desturi.

"Macho yako yamekwisha kabisa, wifi," alisema siku moja, akilowesha uzi kwa ulimi. "Na bado unang'ang'ania chumba cha giza. Tatizo lako ubishi."

Iliuma. Iliuma palepale ilipouma jana. Fundi akamsamehe, akapokea sindano. Wifi alipofika mlangoni akageuka kuuliza kama ameiona ile plasta ilivyopendeza, kwa hiyo ikabidi fundi amsamehe tena.