Mtandao Hakuna Tangu Asubuhi

Mie nina mdomo, na sijawahi kuuficha. Hapa Chang'ombe wateja wote wa duka letu la dawa wananijua: Farida wa kaunta, ukimletea za kuleta anakurudishia na chenji yako. Ndiyo maana ile asilimia tatu haikuwahi kunipa shida. Mteja akitoa kadi namwambia machoni pake, "Kwa kadi kuna asilimia tatu ya juu, bosi ndo kasema." Akinuna, anune. Akibwata, tunabwata wote. Lakini hakuna aliyetoka pale akisema Farida kamdanganya.

Halafu serikali ikatoa tangazo: marufuku mfanyabiashara kumwongezea mteja hata senti eti kwa sababu analipa kwa kadi. Makato ya benki abebe mwenye duka. Wateja walivyofurahi! Mama mmoja alinisomea tangazo zima kwenye simu yake, kwa sauti, foleni yote inasikiliza. Nikamwambia hongera mama, utadhani umelitunga wewe.

Bosi wangu Badru hakufurahi. Asubuhi iliyofuata aliichukua mashine ya kadi juu ya kaunta akaitumbukiza kwenye droo.

"Sheria imekataza kuongeza," akasema. "Haijakataza mtandao kukatika."

"Mtandao haujakatika, bosi."

"Kwa atakayeuliza, umekatika."

Ningegoma. Wallahi ningegoma, ila kazi hii niliitafuta miezi minane, na mama yangu nyumbani anakula kupitia kaunta ileile. Nikameza mate. Wiki tatu nzima nikawa naimba wimbo mmoja: mtandao hakuna kaka, mtandao unasumbua dada, jaribu kesho. Wengi walikuwa na hela kwenye simu, wanatuma na ya kutolea, yanaisha. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu niliona inanyooka tu, na hilo ndilo lililokuwa linanikera.

Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi, akaingia mwalimu Cyprian. Ni mstaafu, anakaa Pugu, na kila mwezi anakuja kwetu kuchukua insulini ya mkewe, maana ile aina yake maduka ya kule hayanaga. Pensheni yake iko benki. Hela za kwenye simu hataki hata kuzisikia tangu matapeli wa "ile hela tuma kwa namba hii" walipomkomba. Mie nampenda yule mzee, nisiseme uongo.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba binti yangu. Nipe mbili. Ya nyumbani imeisha jana, mama leo asubuhi hajachoma."

Nikatoa chupa mbili kwenye friji. Yeye akatoa kadi. Badru alikuwa nyuma yangu anapanga maboksi ya dawa za kikohozi, na nikasikia maboksi yametulia kimya.

"Mtandao hakuna, mwalimu."

"Aa, nyie na mitandao yenu!" Akacheka. "Basi niwekee. Natoa hela hapo sheli kwenye ATM, narudi sasa hivi."

Sheli ya mafuta ni hapo tu, hata kwa miguu ya mzee ni dakika kumi kwenda na kurudi. Nikarudisha chupa kwenye friji. Nusu saa ikapita. Saa nzima ikapita. Nikatoka mlangoni, nikachungulia barabara kushoto na kulia, nikarudi. Nikampa kijana mmoja chenji ya mtu mwingine. Nikatoka tena.

"Leo una nini wewe?" Badru akauliza. "Umekalia siafu?"

"Mwalimu hajarudi."

"Atakuwa kapata duka jingine."

"Duka lipi? Dawa ile hamna mtaa mzima."

Akanipungia mkono kama anafukuza inzi. Ikaadhiniwa adhuhuri, mwalimu hayupo. Kila nikifungua friji naziona zile chupa mbili, na najua huko Pugu kuna mama wa watu kakaa na sukari yake inapanda kwa sababu ya mdomo wangu. Mara mbili nilishika droo ile ya mashine. Mara mbili nikaiacha. Nilimchukia Badru, halafu nikajichukia mwenyewe zaidi, maana Badru alinituma lakini hakunifumbua mdomo kwa nguvu.

Saa tisa ndo akarudi. Shati limemganda mgongoni, viatu vyeupe kwa vumbi. Nikamvutia kiti, hakukaa.

"ATM ya sheli haina hela," akasema, akihema. "Nikaenda ya pili, mbovu. Nikatembea hadi kule uwanjani. Ile ya huko imeimeza kadi. Mlinzi kaniweka nisubiri, nisubiri, mwishowe anasema hadi Jumatatu benki wafungue."

"Masikini, mwalimu!"

Akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili. Mtu aliyefundisha watoto wa watu miaka yote ile. Akamtazama Badru juu ya bega langu. "Mwanangu, nakuomba unikopeshe hizo mbili. Jumatatu mapema nitakuwa hapa. Mke wangu hana kitu ndani."

"Mzee wangu, utanisamehe," Badru akasema. "Hapa dawa hatukopeshi. Nikianza na wewe nitamaliza na nani?"

Hapo ndo uvumilivu ukaniisha. Nikafungua friji, nikatoa chupa, nikazifunga na barafu kwenye mfuko, nikazibwaga kaunta.

"Mtandao upo, mwalimu. Ulikuwepo asubuhi, na wiki zote tatu ulikuwepo. Mashine iko humu kwenye droo. Nimekudanganya."

"Farida!" Badru akanijia juu.

"Nini? Hizi zikate kwenye mshahara wangu."

"Mshahara upi? Wewe una mshahara hapa tena?"

"Wa siku nilizokwisha fanya! Za mbele kaa nazo."

Nikausogeza mfuko kwa mwalimu. Nilitegemea atanitukana, na wallahi ningeshukuru. Hakuutazama mfuko. Alinitazama mie, kama mtu anayerudia hesabu ambayo jibu lake halimwingii akilini.

"Kwa hiyo asubuhi," akasema taratibu, "nilikuwa mtu mwenye hela yake."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na sasa hivi nimevua kofia, naomba."

Akauchukua mfuko, kwa sababu ya mkewe, akatoka nao.