Jiwe Lililohama Saa Nane

Mpimaji ardhi alikuwa amepiga X nyekundu kwenye ukuta wa mama yake mdogo, fundi cherehani, na aliipiga haraka ili ofisini wasiseme anapendelea ndugu. Kipokezi chake cha setilaiti kilidai kuwa chumba cha kushonea kimeingia barabarani mita moja na nusu. Tingatinga lilitarajiwa kesho.

Kilichomkera ni hatua aliyoiruka. Kazi ya upimaji hufungwa pale ilipoanzia: unarudi kwenye jiwe ambalo vipimo vyake vinajulikana, unaangalia kama chombo bado kinakubaliana nalo. Jiwe lenyewe lilikuwa uani kwa mama mdogo. Jana asubuhi alilipima, likakubaliana na chombo; lakini mchana, alipomaliza kupima ukuta, kwa kuogopa macho ya majirani, hakukanyaga ua ule.

Leo, saa nane, alirudi na mkuu wake wa kazi.

“Karibu, mheshimiwa mbomoaji,” alisema mama mdogo, pini mdomoni. “Umekuja kupima na kitanda?”

Mpimaji aliondoa mashuka yaliyoanikwa juu ya jiwe, akasimamisha kipokezi. Kwa mujibu wa chombo, jiwe lililozikwa kwa zege kabla yeye hajazaliwa lilikuwa limehama mita mbili na ushee.

“Limekwenda wapi?” aliuliza mkuu.

“Halijaenda popote. Wiki hii jua limechafuka. Anga la juu limejaa chaji za umeme kutoka kwenye dhoruba yake, na mchana ndiyo huzidi. Ishara ya setilaiti ikipita humo huchelewa, chombo kikadhani setilaiti iko mbali zaidi, kikakosea mahali kilipo.”

“Na ukuta uliupima saa ngapi jana?”

“Saa hizi hizi.”

Mkuu alivuta tepu kutoka kwenye jiwe hadi ukutani, akalinganisha na ramani. Ukuta ulikuwa ndani ya kiwanja kwa sentimita sitini.

“Watasema umembeba mama yako.”

“Watasema. Andika kwamba sikufunga kazi kwenye jiwe.”

Mkuu aliandika, kwa herufi kubwa kuliko ilivyohitajika.

“Kumbe jua ndilo lililotaka kunibomolea?” aliuliza mama mdogo.

“Jua lilichelewesha ishara tu, mama. Kukubomolea nilitaka mimi.”

Mama mdogo alitoa pini mdomoni, akamkabidhi ndoo na brashi ya chuma. Rangi ya ofisi ilithibitika kuwa imara kuliko vipimo vya ofisi: hadi alasiri inakwisha, X ilikuwa imepauka tu, na mama mdogo bado alikuwa akimwonyesha pembe aliyoisahau.