Kopo Ndilo Lililokunywa

Mama Rula alipiga magoti ukingoni mwa shimo la pili, akafukuza mbu kwa kiganja, akachungulia. Jana jioni alilimwagia ndoo tatu za maji, maana kazi yenyewe ndivyo inavyotaka: udongo uloweshwe kwanza ushibe, asubuhi uongezewe maji, ndipo upimwe. Asubuhi hii hapakuwa na cha kuongeza. Maji ya jana yalikuwa palepale, yameanza kuweka utando juu, na chura mfu anaelea tumbo wazi kama mgeni aliyevimbiwa.

Akausimika mti wake wenye rula ya shule iliyopigiliwa misumari, ule uliompa jina mtaa mzima, akatazama saa. Nusu saa. Maji yakishuka vidole viwili, ardhi inakunywa, mwenye kiwanja achimbe shimo lake la maji taka. Yasiposhuka, asichimbe. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili anaiweza.

Nusu saa ikapita. Hayakushuka hata unene wa ukucha.

Shimo la kwanza, lile refu la kutafuta maji ya chini, halikungoja hata kumwagiwa. Juzi alipofika kina cha kiuno tu, maji yaliingia yenyewe kwa ubavuni, yakamlowesha miguu. Na hatua ishirini mteremkoni, nyuma ya ua wa mabati, ndipo kilipo kisima cha dada yake. Tangu bomba la mtaa lianze kukohoa upepo mtupu, kila nyumba inachota pale. Mjukuu wa Mama Rula mwenyewe, wa miezi minane, uji wake unapikwa kwa maji hayohayo. Na hapa juu yake, mwenye kiwanja anataka kusimamisha vyumba kumi na viwili vya kupangisha, na maji taka ya vyumba vyote yaende shimo moja.

Bwana afya alifika saa nne, ndani ya gari la mwenye kiwanja. Hilo Mama Rula aliliona, akalimeza. Bwana afya akashuka na fomu ya kipimo na chupa yake ya maji ya dukani, akalitazama shimo kwa mbali, leso puani.

"Yameshuka ngapi, mama?"

"Hayajashuka, mkuu. Huu ni mfinyanzi mtupu. Na lile refu linajijaza lenyewe."

Bwana afya akamweleza kwa upole, kama anayembembeleza mtoto anywe dawa, kwamba vyumba ni vichache, kodi zinapanda kila mwezi, watu hawana pa kulala, na ofisi haikuwekwa kuzuia maendeleo. Kisha akamwita mlinzi wa kiwanja, baba wa watoto wanne, akamwambia apunguze maji kidogo.

Mlinzi akachota kwa kopo tupu la rangi. Moja, mawili, hadi matano. Chura alitoka na kopo la tatu, akamwagwa kwenye nyasi. Hapo bwana afya akasema basi, yanatosha, rula isomwe.

"Rula inasema vidole vitatu," akajibu Mama Rula. "Lakini kopo ndilo lililokunywa."

"Wewe andika kilichoshuka. Fomu haiulizi nani kanywa."

Mama Rula akaipokea kalamu, akaiweka juu ya boneti. Akasema miaka kumi na mmoja anachimba mashimo haya; amepima ardhi inayokunywa kama mlevi, na ardhi inayokunywa kama mgonjwa, lakini kopo hajawahi kulipima.

Bwana afya hakukasirika. Kwa sauti ileile nzuri akamwambia kesho asijisumbue kuja, wachimbaji wako tele. Kalamu akampa mlinzi. Mlinzi akautazama ua wa mabati, anakochota mkewe. Akalitazama geti analolipwa kulilinda. Akatia saini kwenye mstari wa mpimaji. Muhuri wa ofisi ukatoka mfuko wa suruali, umeviringishwa kwenye karatasi kama peremende, ukagongwa palepale kwenye boneti.

Wino ukamchafua bwana afya vidole. Akaomba maji anawe. Mama Rula akaleta jagi lake alilolijaza alfajiri, akaliinamisha. Yule akakinga mikono, halafu akairudisha.

"Ya wapi haya?"

"Ya kisima hicho hapo chini. Nawa tu, shimo halijajengwa bado."

Bwana afya akatabasamu, akafungua chupa yake, akanawa kidole kimoja kimoja mpaka maji yakaisha. Chupa akaitupa shimoni. Haikuzama, ikabaki inazungukazunguka karibu na mti wa rula.

"Kitendawili," akasema Mama Rula.

Aliyeitikia ni mlinzi peke yake, kwa mazoea tu ya nyumbani. "Tega."

"Nina maji yangu: kidole cha mkubwa kinayaogopa, kinywa cha mtoto kimeruhusiwa."

Bwana afya aliangalia saa, akaingia garini. Gari likageuza, likakanyaga udongo mbichi aliouchimba Mama Rula kwa siku mbili, likatoka getini.

Mama Rula akaung'oa mti wake, akaupangusa kwa nyasi, akaubeba begani.

"Ameshindwa," akasema. "Basi nipe mji."

Mlinzi alikuwa bado ameshika kopo la rangi.

"Mji upi tena, mama," akasema bila kuinua macho. "Umeshagongwa muhuri."