Mgeni Kwenye Jiwe Lake

Kosa la Kipchumba lilikuwa kumfundisha Bruno kuvua trauti, samaki wa maji baridi. Walijuana kanisani. Mkongo huyo alijua nyavu tu, lakini Kipchumba alimpakia garini kutoka Minto, kitongoji cha Sydney, hadi ziwa la Jindabyne, milimani, akamwonyesha jiwe ambalo hata ndugu yake wa damu hakuwahi kulikanyaga. Akamfundisha kwamba wakati wa joto trauti huzama kilindini, majani yakipukutika husogea kwenye mdomo wa mto, na theluji ikianguka unavaa glavu na kufunga domo lako.

"Hapa hatuleti watu," alimwambia.

Bruno akapata kazi ya hoteli kulekule, akahama. Kisha korona ikafunga Sydney, na Kipchumba, aliyekuwa akihudumia wazee, akabaki kulitazama ziwa kwenye simu: Bruno na trauti mnono, Bruno na jirani huyu, Bruno na yule, wote juu ya jiwe.

Novemba njia zilipofunguliwa, hakungoja hata wikendi. Alikuta viti vimelizunguka jiwe, na Bruno juu yake, akitoa maelekezo kama mchungaji.

"Karibu, kaka mukubwa!" Bruno alimkumbatia, kisha akamwonyesha pembeni kabisa, kwenye maji ya kuosha miguu. "Wewe utakaa kule kwanza."

Akawageukia wenzake, akiwa amemshika Kipchumba bega.

"Huyu ni ndugu yangu wa kanisa, wa Sydney. Kuvua hajui sana, lakini nitamufundisha."