Kipande cha Omkar

Seva ya chuo ilizimika saa nne asubuhi, wanafunzi wote walipoikimbilia kwa pamoja kuomba mihadhara ya mtihani wa kesho. Yenyewe ilikuwa moja, wao mamia.

Tanvi hakubabaika. Mabwenini faili hupatikana vipandevipande kutoka kompyuta za wenzako, na kila kipande unachopata, nawe unawagawia wengine. Walaji wakiongezeka, wapishi nao wanaongezeka.

Lakini leo kila mtu alikwama kwenye asilimia tisini na tisa. Omkar ndiye pekee aliyewahi kuishusha mihadhara yote kabla seva haijazimika, na wenzake walipobakiza kipande cha mwisho tu, alizima kompyuta akakaa kula chumbani mwake.

Tanvi akampigia simu. "Kaka Omkar, washa kompyuta."

"Mimi nina yangu yote, dada. Mashine inapumzika."

"Na zile filamu zako zote, ulizipata kwa nani?"

"Kwenu."

"Sasa tukifeli tukafukuzwa, utazipata kwa nani?"

Omkar alitafuna, akameza, akafikiri. Mara feni ya kompyuta ikasikika simuni ikivuma.

"Haya, chukueni," alisema kwa ukali. "Ila mkimaliza msizime. Kuna watu hapa wachoyo sana."